Unga Mweupe wa Ridhwani

Mlango wa tatu mwezi ule ulipungua vidole vinne, na safari hii Zulaikha ndiye aliyegundua kabla ya mwenye mlango kuja kuuchukua. Aliushika kwa mikono miwili, akausimamisha kwenye fremu yake, akaona mwanga ukipita chini kama maji. Mumewe, Ridhwani, alikuwa ameketi juu ya benchi la karakana na randa mapajani, mikono ikimtetemeka kwa kazi ya robo saa.

"Nilipima," Ridhwani alisema. "Nilipima mara mbili, Mama Umwali."

"Najua ulipima."

"Basi namba zimekwenda wapi?"

Zulaikha aliurudisha mlango ukutani akaufunika kwa gunia, ili binti yao Umwali akirudi kutoka madrasa asiuone.

Ridhwani hakuwa hivi zamani. Kamembe nzima, mji ule wa Rwanda mpakani na Kongo, ilimjua kama fundi seremala asiyeandika kitu. Aliingia nyumbani kwa mtu, akanyoosha futi yake, akatoka na vipimo vya madirisha sita kichwani, na wiki iliyofuata madirisha sita yakakaa mahali pake bila kupigwa hata nyundo moja ya ziada. Lakini Oktoba ya mwaka tisini na sita alikuwa ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu ya Kongo, akipaua nyumba ya mfanyabiashara mmoja, vita vilipofika. Daraja la mpakani likafungwa. Watu wakakimbia kuelekea magharibi, naye akasombwa pamoja nao. Alikaa msituni miezi saba, akila majani ya mihogo na mizizi ambayo hakujua majina yake, akiugua malaria na kupona na kuugua tena. Aliporudi juu ya lori mwezi wa sita mwaka uliofuata, Zulaikha alimtambua kwa sauti. Mwili haukuwa wake. Alipopimwa uzito alikuwa na kilo arobaini na nne.

Sasa ilikuwa mwisho wa mwaka tisini na tisa. Kilo nane zilikuwa zimerudi, lakini nguvu hazikurudi nazo. Kila wiki alikwenda hospitalini Gihundwe kwa Patricie, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, aliyemfundisha kuinuka kitini bila kushika kitu na kusukuma ukuta kwa viganja. Mazoezi yalisaidia kidogo, kisha yakakwama.

Zulaikha ndiye aliyeilisha nyumba. Alivuka daraja la Rusizi mara mbili kwa wiki, akanunua vitenge Bukavu na kuviuza sokoni Kamembe. Katika safari hizo ndipo alipokutana tena na Osée.

Osée alikuwa Mkristo wa Kadutu, mtaa mmoja wa Bukavu, bega kama mlango wa stoo, aliyefundisha vijana kunyanyua vyuma katika ua wa nyumba yake. Vyuma vyenyewe vilikuwa mihimili ya malori iliyochomelewa magurudumu. Benchi zote za ua ule alizitengeneza Ridhwani kabla ya vita, na hakuna hata moja iliyovunjika. Osée alipomsikiliza Zulaikha akieleza hali ya mumewe, aliingia ndani, akatoka na kopo jeupe la plastiki lenye maandishi ya Kifaransa.

"Hii kaka yangu alinitumia toka Liège, kule Ubelgiji," alisema. "Inaitwa kreatini. Si dawa ya ugonjwa, Maman. Ni chakula ya musuli. Mwili yenyewe inaitengeneza kidogo, na ingine tunaipata mu nyama na mu samaki. Muntu asiyekula nyama anabaki nayo kidogo sana. Hii ya kopo banaitengeneza mu kiwanda."

"Inaleta nguvu?"

"Inasaidia musuli ifanye kazi kidogo zaidi mbele ya kuchoka. Lakini lazima afanye mazoezi. Akilala tu, ni bure. Batu bangu banaanza na vijiko vine kwa siku, wiki moja. Nyuma ya hapo, kimoja tu. Na maji mingi." Aliligeuza kopo mkononi. "Kaka yangu anasema kuna badaktari banaotafuta kama inasaidia na akili. Mimi sijue. Peleka, ujaribu."

Zulaikha alilifunga kopo ndani ya kitenge kimoja, akakiweka katikati ya vingine, akashika njia ya darajani.

Kabla ya daraja, upande ule wa Bukavu, siku zile paliweza kutokea kizuizi asubuhi na kutoweka mchana. Siku hiyo kilikuwepo: kamba iliyofungwa kwenye pipa na mti, na wanaume watatu wenye bunduki ambao hakuna aliyeuliza ni wa nani. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mpaka ulifungwa saa kumi na mbili. Mkubwa wao, mtu mwembamba aliyekuwa akivuta mguu mmoja, alikunjua vitenge kimoja kimoja hadi kopo likadondoka.

Alilifungua. Akanusa. Akatumbukiza kidole akakitazama.

"Hii iko nini?"

"Ni chakula ya musuli, Afande. Ya bwana yangu. Ni mugonjwa."

"Chakula?" Aliwatazama wenzake. "Mwezi huu watu wawili wamekufa huku, wamewekewa unga kwenye pombe. Unga mweupe. Wewe unapita nao umeuficha ndani ya nguo, unaniambia chakula?"

"Nimeufunga usimwagike."

"Nani alikupa?"

Zulaikha alisita, na kusita kwenyewe kukawa kosa. Akimtaja Osée, wangekwenda Kadutu kumtoa nyumbani. Asipomtaja, yupo hapa peke yake na kopo lisilo na mwenyewe. "Nilinunua sokoni," alisema.

Mkubwa alicheka bila furaha. Alitoa kijiko kwenye kikombe chake cha chai, akakipangusa kwenye suruali, akachota unga hadi ukafanya kilima.

"Kama ni chakula, kula."

"Niko na funga, Afande. Ni Ramadhani."

"Mungu wako anaona kwamba nimekulazimisha. Kula."

Zulaikha alikitazama kijiko. Jambo lililomzuia wakati ule halikuwa funga. Alitambua kwamba hata yeye hakujua mle ndani mna nini. Hakuwahi kuonja. Maandishi hakuyasoma vizuri. Osée alikuwa mtu mwema kabla ya vita, lakini watu wangapi walikuwa wema kabla ya vita? Na kopo lilitoka kwa mtu asiyemjua, mji asioujua, likapita mikono asiyoihesabu. Alikuwa analipeleka kwa mumewe alile, na yeye mwenyewe anaogopa kulionja.

Alisema bismillahi akafungua kinywa.

Unga haukuwa na ladha. Ulikuwa kama mchanga laini, uking'ang'ania ulimi na ufizi, na hakupewa maji. Aliumeza kwa mate mara nne hadi koo likauma.

"Kaa pale," mkubwa alisema, akionyesha benchi kando ya pipa. "Kama ni sumu, tutajua. Kama si sumu, utaenda."

Zulaikha alikaa na mikono juu ya magoti. Watu walianza tena kupita. Wanawake wenye mabeseni ya samaki, wanaume wenye magunia ya sukari, wote wakitazama mbele kana kwamba benchi lilikuwa tupu. Alisikiliza mwili wake. Tumbo lilinguruma, na alijiuliza ni njaa ya saumu au ndiyo inaanza. Vidole vya mkono wa kushoto vilipata ganzi. Alivikunja na kuvikunjua. Jasho lilimtoka mgongoni, lakini mchana mzima kulikuwa na joto. Kila alichokihisi kilikuwa na maelezo mawili.

Mpagazi mmoja aliyemfahamu, Balagizi, alipita na gunia kichwani. Hakugeuza shingo. Alipofika usawa wake alisema kwa sauti ya chini, "Maman, minakuona," akaendelea kutembea. Zulaikha alimfuata kwa macho hadi alipolitua gunia lake mwanzoni mwa daraja na kuanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Aliifunga kamba ile kwa muda mrefu sana.

Saa kumi na moja na nusu, mkubwa alimwinua. Akamtazama macho, akamwamuru atembee hatua ishirini, ageuke, arudi. Kisha akaketi yeye mwenyewe mahali pale alipokuwa ameketi Zulaikha, akanyoosha mguu wake mbovu. Paja lilionekana jembamba ndani ya suruali, nusu ya lile jingine.

"Ulisema ni ya musuli," alisema, sasa kwa sauti nyingine. "Inasaidia mguu ulioliwa na jeraha?"

Zulaikha angeweza kusema ndiyo, apite upesi. "Sijui, Afande. Nimeambiwa lazima ufanye mazoezi. Na unywe maji mengi."

Mkubwa alichota vijiko kadhaa, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akavitia mfukoni. Kisha akamrushia kopo. "Enda. Wanafunga mpaka."

Hakukimbia. Aliogopa kwamba akikimbia watamwita. Balagizi alimwacha apite mbele, akabeba gunia lake nyuma yake hatua kwa hatua, hadi walipokuwa upande wa pili. Hapo ndipo Zulaikha alipokaa chini kando ya barabara akatapika mate matupu. Balagizi alisimama mbele yake ili wapita njia wasimwone.

Nyumbani alisimulia nusu tu, akasema ameuonja na ni salama. Ridhwani alilishika kopo mikononi kwa muda, akasoma maandishi yale ya Kifaransa, akauliza kama si haramu. Zulaikha alisema Osée amesema unga unatengenezwa kiwandani, hautoki kwenye mnyama wowote. Tangu siku iliyofuata, kila alipofuturu Ridhwani alikoroga vijiko vyake kwenye uji, na baada ya wiki akabaki na kimoja.

Ramadhani ilipokwisha, jambo fulani lilikuwa limebadilika. Lilikuwa dogo, lakini Zulaikha alilala karibu na mwili ule kwa miaka kumi na minne na aliujua. Ridhwani aliranda ubao mzima kabla ya kuketi. Aliinuka kitini mara kumi na tano badala ya nane. Na kwa kuwa mambo mazuri huwa na haraka ya kusikika, shule moja ya Gihundwe ikamwagiza vitanda kumi na vinane.

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Ridhwani aliona kama kijiko kimoja kimempa ubao mmoja, vijiko sita vitampa vitanda vyote. Hakumwambia mtu. Alikula karakanani, asubuhi, mchana na jioni, bila maji ya kutosha kwa sababu kwenda chooni kulimkatiza kazi. Siku ya tisa alianza kuharisha. Siku ya kumi na moja misuli ya miguu ilikakamaa hivi kwamba Zulaikha na Mukantwari, jirani yao mjane, walilazimika kumbeba hadi barabarani kutafuta gari.

Hospitalini walimtoa damu. Daktari alikuwa kijana aliyeitwa Munyaneza, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alirudi na karatasi.

"Mama, kuna kipimo tunachotumia kujua hali ya figo," alisema. "Kinaitwa kreatinini. Kwake kimefika moja nukta tisa, na hakitakiwi kupita moja nukta tatu. Ninaogopa figo zinaanza kushindwa. Tutamtia maji, lakini huenda itabidi aende hospitali kubwa ya Butare. Kuna dawa yoyote anayotumia?"

Zulaikha alisikia neno lile, kreatinini, likimpiga kama kofi. Lilikuwa karibu jina lenyewe lililoandikwa kwenye kopo.

"Hapana," alisema.

Alitoka nje akashika ukuta. Alikuwa amesema uongo kwa daktari, na hakujua kwa nini, isipokuwa kwamba kinywa chake kilikuwa bado kimekaa kwenye benchi lile la kizuizini, ambako kila jibu la kweli lilikuwa na mtu wa kudhuru. Ni yeye aliyelileta kopo. Ni yeye aliyekimeza kijiko kizima na kusema ni salama. Msitu ulishindwa kumuua Ridhwani kwa miezi saba, na yeye amemmaliza kwa uji.

Alitembea hadi chumba cha mazoezi akamkuta Patricie akikunja mikeka. Akasema yote kwa mkupuo mmoja: Osée, kizuizi, kijiko, vitanda, karatasi. Alipomaliza, Patricie aliuliza jambo moja.

"Hilo kopo liko wapi?"

Zulaikha alikuwa nalo kwenye kikapu. Alikuwa amelinyakua karakanani bila kufikiri. Patricie alilisoma kwa makini, kisha akavuta kiti.

"Kaa, Maman. Nisikilize. Kreatini ni hii hapa, inayokaa kwenye misuli. Kila siku kiasi chake huchakaa, na kile kilichochakaa ndicho kreatinini. Figo hukitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo kikiwa kingi kwenye damu, mara nyingi daktari anajua figo hazifanyi kazi. Lakini mtu aliyekula kreatini nyingi naye anaweza kukitoa kingi, figo zikiwa nzima. Na aliyeharisha siku mbili bila kunywa maji, kipimo kinapanda zaidi."

"Kwa hiyo figo ni nzima?"

"Sijasema hivyo. Nimesema karatasi hii peke yake haiwezi kutuambia. Na daktari hawezi kujua kitu ulichomficha." Alisimama. "Twende wote."

Daktari Munyaneza alisikiliza, akakunja uso, akalichukua kopo, akalisoma, akaitafuta tena karatasi. Aliuliza kuhusu urea, uchafu mwingine wa damu unaotolewa na figo, akaiona iko kawaida. Akaagiza mkojo upimwe, nao haukuwa na protini, ambayo figo zilizoharibika huivujisha. Akamgeukia Zulaikha.

"Ungeniambia asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe."

"Aache kabisa. Anywe maji. Tutapima tena baada ya wiki mbili. Kikishuka, tumepona. Kisiposhuka, ni Butare."

Wiki hizo mbili zilikuwa ndefu kuliko ile miezi saba ya msituni. Wakati ule Zulaikha hakuwa na la kufanya ila kungoja, lakini safari hii alingoja na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba na hasira zake. Kopo alilipeleka kwa Mukantwari. Ridhwani alilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mbao, ndani ya debe la unga wa muhogo.

"Umeficha wapi?"

"Sikwambii."

"Mikono yangu ilikuwa inarudi. Niliisikia ikirudi. Unataka nikae kwenye benchi tena hadi nife?"

"Nataka ufe mzee, Baba Umwali, siyo mwezi huu."

Ridhwani aliupiga ubao ngumi, kisha akaushika mkono wake uliouma na kuketi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siyo mikono," alisema. "Mikono ningeizoea. Ninapima, nasema namba kwa sauti, na kabla sijafika kwenye msumeno zimeondoka. Kama mtu ameingia ndani ya kichwa akazichukua na kufunga mlango. Msituni nilikuwa nikihesabu kila kitu ili nisiwe kichaa. Miti, hatua, watoto waliokuwa mbele yetu. Watoto walianza kupungua, nikaacha kuhesabu. Nadhani ndipo zilipoondoka."

Zulaikha hakuwahi kusikia habari ya watoto hao. Alivuta kigoda akaketi karibu naye, bega kwa bega, hadi Umwali alipoita kwamba chai iko tayari.

Siku ya kipimo alikwenda naye, akasimama mlangoni mwa maabara kama mlinzi. Daktari Munyaneza alitoka na karatasi akiisoma huku akitembea, na Zulaikha alijaribu kuusoma uso wake akashindwa.

"Moja nukta moja," alisema.

Ridhwani alimwuliza arudie. Akarudia.

Mazungumzo yaliyofuata na daktari na Patricie yalikuwa marefu, na Zulaikha aliyashika neno kwa neno. Ridhwani angeweza kurudia unga ule kama angetaka, kijiko kimoja kidogo kwa siku, bila kuzidisha hata siku moja, na maji, na kupima damu baada ya mwezi. Mazoezi yasikome. Na ale sambaza, kwa sababu samaki wale wadogo wa ziwani wana kreatini hiyohiyo na vitu vingine ambavyo kopo halina. Kuhusu kichwa, Patricie alikataa kumwahidi kitu.

"Wapo wanaochunguza," alisema. "Huenda siku moja wakasema inasaidia. Mimi siwezi kukuuzia matumaini ya kopo, Mzee Ridhwani. Lakini penseli ninayo." Akamwekea moja nyuma ya sikio. "Andika juu ya ubao wenyewe. Na hayo ya msituni, mwambie mtu. Usiyabebe peke yako."

Kwa fundi ambaye hakuwahi kuandika kitu, penseli ile ilikuwa aibu mwanzoni. Alikuwa akiandika kwa kujificha, akimpa mteja mgongo. Kisha akaacha kujificha. Vitanda vilichelewa wiki saba, na mkuu wa shule alilalamika, lakini vyote kumi na vinane vilikaa sawa sakafuni. Ukivigeuza chini juu ungekuta namba zake zimeandikwa kila mahali, kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Kopo lilirudi kutoka kwa Mukantwari, kijiko kimoja kwa siku, likaisha mwezi wa tano. Osée alikuwa amekwishahamia Bujumbura, na hakuna aliyelitafuta jingine. Ridhwani alikuwa na kilo hamsini na nane. Aliranda ubao hadi mwisho bila kuketi. Kama ni unga, au sambaza, au Patricie na ukuta wake, au muda tu, Zulaikha hakujua, na kila alipoulizwa alisema hivyohivyo kwamba hajui.

Aliulizwa sana. Habari ilienea sokoni kwamba mke wa fundi ana unga wa kurudisha nguvu. Asubuhi moja alikuja mwanamke kutoka kisiwa cha Nkombo, amevuka kwa mtumbwi, ana mume aliyelala kitandani tangu mwaka jana. Alikuwa ameleta beseni la sambaza kubadilishana na kopo.

"Kopo limeisha, dada," Zulaikha alimwambia. "Na lingekuwepo nisingekupa hivihivi."

Mwanamke yule alianza kuinuka, macho yamejaa. Zulaikha alimshika mkono, akamwomba Mukantwari amwangalizie vitenge vyake, akajifunga kanga kiunoni.

"Hao samaki usiniachie. Mpikie mumeo. Sasa twende Gihundwe, kuna mtu nataka umwone. Na akikuuliza jambo lolote kuhusu mume wako, mwambie kweli yote."

Wakaondoka kwa miguu, beseni wakilibeba kwa zamu.